Zamu ya Bi Häberle

Reutlingen, 4 Novemba

Shikamoo Baba,

Goti linaendeleaje na upepo wa huko Flensburg? Mimi mzima, ila nimenuniwa.

Umeuliza mji ukoje. Si mkubwa, si mdogo. Juu ya kanisa amesimama malaika wa dhahabu, mlima uko nyuma ya nyumba za watu, na kuna uchochoro ambao wewe na tumbo lako mtapita kwa shida.

Taabu ni ngazi. Kila mpangaji ana wiki yake ya kuzifagia, na kibao hutundikwa mlangoni pa mwenye zamu. Juzi ilikuwa zamu ya Bi Häberle wa chini, mjane mwenye mkongojo. Nikamwonea huruma, nikamfagilia. Tangu hapo nikimsalimu anatazama ukuta. Kazi naipenda, lakini jioni sina wa kusema naye. Yakiendelea hivi, Krismasi narudi moja kwa moja.

Binti yako, Frauke

Flensburg, 9 Novemba

Marahaba mwanangu,

Goti linalalamika, mwenyewe sijambo.

Ukirudi nitafurahi, sikufichi. Nyumba hii imenizidi ukubwa. Lakini hebu fikiri: umewatangazia majirani kwamba bibi wa watu hajiwezi. Usimpelekee maua. Mwombe akukague wewe unavyofagia. Na huo mlima, kuupanda ni mwendo gani?

Baba yako

Reutlingen, 13 Januari

Shikamoo Baba,

U mzima? Nisamehe kwa Krismasi. Zamu yangu iliangukia wiki ile, na hapa zamu haikimbiwi.

Nilimgongea Bi Häberle kama ulivyosema. Alipitisha kidole kwenye mbao za ngazi, akanionyesha vumbi. "Huko kwenu kaskazini mnafagia kwa macho?" Nikajua yameisha. Jana watu walicheza dadu kushindania mikate yenye umbo la nyota, desturi ya hapa kila Januari. Alinikalisha kando yake, nikashindwa kila mzunguko, akanicheka mpaka akakohoa. Mwishowe akanisukumia mkate wake mmoja. "Kula, baba yako asiseme tunakushindisha njaa."

Mlimani kwetu kuna theluji. Kupanda ni saa moja hivi.

Binti yako, Frauke

Flensburg, 17 Januari

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima.

Umeandika "mlimani kwetu". Nilisoma, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi kusoma tena. Imeniuma, na nimefurahi. Sitauliza tena unarudi lini. Niambie tu, hapo kwenu mgeni wa Pasaka analala wapi?

Baba yako