Malalo Haiko Hapa

Kigoma, Juni 1997

Mpendwa Numbi, mke wangu,

Huu ni mwaka wa thelathini na tano tangu niuache mji wetu. Nilipoondoka uliitwa Élisabethville. Wewe ulibaki ukazoea kuuita Lubumbashi, nami mpaka leo jina hilo linanijia la pili. Hapa Kigoma kiangazi kimeanza, na mpwa wako Kasongo yuko nyumbani kwangu. Alivuka ziwa pamoja na watu wengi, wengine wanakimbia na wengine wanarudi, hata ni vigumu kujua nani ni nani. Ndiye aliyenipa habari kwamba ulifariki mvua zilipokuwa zinaisha. Kisha akanieleza yaliyoipata baraji, ule ukuta wa kuzuia maji, na hilo ndilo lililonikalisha mezani nikuandikie, ingawa najua barua hii haina pa kufikia.

Kabla ya baraji palikuwa na kijito tu. Kilipita upande ule ambao Kasongo anasema sasa unaitwa Karavia, katikati ya matete, katika bonde la udongo mweusi lisilokauka hata mwezi wa kumi. Mama yako alikupa kipande cha bustani pale tulipooana. Mimi nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha kuchapa vitabu, nikirudi jioni na wino mpaka kwenye kucha, nawe ukirudi na tope. Ulikuwa ukitazama mikono yetu na kucheka: "Shiye babili, nani atapika bukari?" Huku Kigoma bukari huitwa ugali.

Mtoto wetu alizaliwa mvua zilipoanza, akafa kabla hazijakatika. Padri alikuwa ziarani vijijini, na ubatizo ulikuwa ukimngoja yeye. Mtoto hakuwa ameota jino. Wewe unaijua desturi ya kwetu kaskazini kuliko mimi, lakini naiandika kwa ajili ya wengine watakaoisoma barua hii. Mtoto asiyeota jino hazikwi malalo, yaani makaburini, pamoja na watu wakubwa. Wanawake wazee humlaza mahali penye unyevu, karibu na maji, bila tuta wala msalaba, bila kilio, ili tumbo la mama lisikauke na mtoto apate njia ya kurudi. Wanaume hawaendi. Nilibaki mlangoni. Mliporudi, wewe na mama yako, mlikuwa na tope mpaka magotini.

"Mumemulaza wapi?" niliuliza.

"Mukwe," mama yako akanijibu, "ile bantu habaulizake."

Sikuuliza tena. Na kwa kuwa hakuota jino, hakuna aliyekuita kwa jina lake. Wenzako kisimani walikuwa mama fulani na mama fulani. Wewe ulibaki Numbi.

Mwaka uliofuata akaja mzungu mwenye chombo cha kupimia ardhi, cha miguu mitatu, akakisimamisha kwenye bustani yako. Alitumwa na mfanyabiashara mmoja tajiri aliyetaka ziwa lake mwenyewe, la kuogelea na kupiga makasia siku za Jumapili, yeye na rafiki zake. Alifuatana na kapita, msimamizi wa vibarua, mwenye kofia kubwa kuliko kichwa. Ulinisimulia maneno yenu mara nyingi, na kila mara kwa sauti ileile, kama mtu anayejibu mbele ya hakimu.

"Mama, bwana anauliza: iko malalo hapa?"

"Hapana. Malalo haiko hapa. Malalo iko kule ku misioni."

"Kweli? Usifiche."

"Hapa iko boga tu."

"Basi boga haina mazishi," kapita akacheka, na mzungu akageukia chombo chake.

Hukuwa umeficha kitu. Uliulizwa malalo, na pale hapakuwa malalo. Mtu wa kwetu yeyote angejibu vilevile, hata mama yako, hata mimi. Lakini baadaye nilikutana na kapita yule kwenye mlango wa kanisa, akaniambia kwamba bwana wake hakupenda kesi na wazee. Wangesikia habari ya kaburi lolote, wangeusogeza ukuta juu kidogo, penye mawe. Nilikuletea maneno hayo nyumbani. Ulikuwa unakoroga bukari. Uliendelea kukoroga mpaka ikaungua.

Ukuta wenyewe ulijengwa kwa udongo, msimu mmoja wa kiangazi. Walibomoa vichuguu vyote vya jirani, vile virefu kama nyumba, kwa kuwa udongo wa mchwa ukilowa na kukanyagwa haupitishi maji. Wanaume walijipanga bega kwa bega wakaukanyaga kwa miguu mitupu, wakiimba na kutukanana. "Kanyaga, shemeji! Ao bukari ya jana ilikuwa ya mutoto?" Tulisimama ng'ambo tukiwatazama. Nilidhani ulikuwa unaililia bustani. Mvua ziliporudi, maji yalipanda polepole juu ya matuta ya boga, na siku hiyo ndipo uliponionyesha. Ulinyoosha mkono kuelekea katikati ya maji. "Kule," ulisema. Palikuwa na bata wawili wakielea. Walipoondoka, sikujua tena ni wapi.

Wanawake wazee waligawanyika. Wengine walisema unyevu ni mzuri, basi maji mengi ni mazuri zaidi. Mama yako alisema hapana, unyevu ni unyevu, na kuzama ni kuzama. Mtoto aliyezama hapati njia. Hukupata mimba tena. Mimi, niliyesoma vitabu vingi na kuvipanga herufi kwa herufi, nilikuambia kwamba hayo mawili hayahusiani. Sijui kama ulinisikia.

Kisha ukafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Mtu wetu hakuruhusiwa kufika ukingoni, kulikuwa na kibao na mlinzi. Lakini ukuta wa udongo unataka kutunzwa. Mti ukiota juu yake mizizi huufungua. Fuko akichimba, maji hufuata shimo lake. Ulikwenda kwa mlinzi ukaomba kazi hiyo, ukapewa. Kila asubuhi ulikuwa juu ya baraji na kisu, unang'oa miche, unafyeka nyasi, unashindilia mashimo ya fuko kwa udongo wa kichuguu na kuyakanyaga kwa kisigino. Jumapili wazungu wakicheza majini, watoto wao wakiruka kutoka kwenye ubao, wewe uliinama ukutani ukiwapa mgongo. Watu wa mtaani wakakubandika jina, Mama Baraji.

"Mama Baraji, ule muzungu atakuoa!"

"Anioe miye? Hata bukari hajue kukula!"

Walicheka, nawe ulicheka nao. Uliitika jina hilo upesi kuliko ulivyoitika Numbi.

Nakumbuka jioni moja nilishindwa kujizuia. Nilikuambia uwaache fuko watoboe. Maji yatoke, bonde lirudi kama lilivyokuwa, nawe uwe na bustani yako na mtoto wako. Ulinitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Maji ikitoka na nguvu," ulisema, "itamubeba wapi?"

Tangu siku hiyo nilielewa kwamba hukuwa unautunza ukuta wa mfanyabiashara. Ulikuwa umemzuia mwanao kwa mikono yako, na usingeweza kuiachilia.

Ndiyo maana hukuja nami. Miaka ile mibaya ilipofika, na sisi tuliotoka kaskazini tukawa watu wa kuulizwa majina barabarani na kuwindwa kwa ajili ya kabila letu, nilifunga mzigo mmoja wa nguo na mmoja wa vitabu. Nilikusihi. Ulikaa juu ya kitanda, kisu chako cha nyasi kikiwa mapajani.

"Enda, baba. Weye banakutafuta. Miye nani atanitafuta?"

"Na nikikosa njia ya kurudi?"

"Basi tutakuwa babili benye tunakungojea."

Sikulipenda neno hilo, na sikulisahau. Huku niliishi na mwanamke mwingine mpaka alipofariki. Kasongo anasema ulijua na hukukasirika. Mwenye ziwa naye aliondoka, akaja mwingine, kisha hakuja mtu. Kibao kilianguka, mashua ikaoza, wala hapakuwa na wa kukulipa. Kasongo anasema uliendelea kwenda hata hivyo, na fimbo, mpaka miguu ilipokataa.

Ulipoacha kwenda hapakuwa na mtu wa kuutunza. Miti iliota juu ya ukuta. Mvua kubwa ya mwaka huu ikapata mahali, na asubuhi moja watu wa bonde la chini wakaamka na tope milangoni. Kasongo alikwenda kutazama, akarudi kukuambia, kwa kuwa ulikuwa umelala mgonjwa na alidhani utafurahi kwamba mahali pale pamefunguka. Anasema ulimwuliza jambo moja tu: "Maji ilipita kushoto ao kuume?" Hakujua. Hakuwa ameangalia hivyo. Nani angeangalia hivyo? Uligeukia ukuta wa chumba, na tangu saa hiyo hukusema neno ambalo anaweza kuniletea.

Nimemwuliza mimi pia, mara mbili. Ameuchora mwanya kwa kijiti hapa uani, akaufuta, akauchora tena upande mwingine. Anasema sasa watu wamekwisha kupanda lengalenga, yaani mchicha, palipokuwa ziwa, udongo ni mweusi na mzuri, na kwamba nikienda naye atanitafutia kipande. Anafikiri ananipa faraja. Ni kijana mwema.

Numbi, jibu ulilompa kapita lilikuwa la kweli. Laiti ningalilisema hivi, kwa maneno haya machache, ulipokuwa hai na bukari inaungua. Siwezi kukuambia maji yalipita wapi. Usiku huwaza kwamba yalimwacha, mchana nawaza kwamba yalimchukua, na yote mawili yananichosha sawasawa.

Kasongo anaondoka keshokutwa na anangoja neno langu. Mahali pale palijulikana na mama yako, akafa, na palijulikana nawe. Mimi nilionyeshwa maji yenye bata. Nikifika nitasimama kwenye bustani za watu nisijue niinamie wapi, nao watadhani nimekuja kudai ardhi. Lala, mama. Kazi yako uliifanya mpaka miguu ikakataa. Mimi sitarudi Lubumbashi.

Mume wako,
baba wa mtoto wetu