Moto kwa Alama ya Iftin

Shuaib, baba Iftin, huko Modogashe,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Daktari alisema ile alama nyekundu kwenye paji la uso wa mtoto itavimba kwanza, kisha itafifia yenyewe, tusiiguse. Mama yako anasema daktari asiyetoa dawa anaficha kitu. Juzi nilikuta msumari ndani ya makaa yake. Akasema anachemsha chai, lakini birika lilikuwa kavu. Tangu hapo hata chooni naenda na mtoto.

Leo amenipa barua yako nimsomee, maana Weris, jirani aliyekuwa akimsomea, amehamia Waberi. Umemwandikia amchome Iftin hiyo alama kwa msumari wa moto, ipone kabla hujarudi.

Nimemsomea hivi: “Mama, mwanangu asiguswe na moto.”

Ukirudi, usinifanye mwongo.

Mkeo,
Nurto