Kibao ya Papa Kabamba

Siku ya pili ya juma, tarehe 11 mwezi wa pili, 2025

Ziwa ingali imefungwa. Hakuna mutu wa kutia wavu mu maji mpaka tarehe moja ya mwezi wa tatu. Bavuvi bote ba hapa Nchelenge banalala, banapiga muchezo ya masolo, banagombana na babibi yabo. Miye Delphine, fundi wa nyavu, njo wakati yangu — vidole vinawaka moto! Patson, muvuvi wa Kabuta, aliniomba nyavu tatu za kuvua samaki mapale. Mbili nilikwisha kumupatia. Ya tatu iko hapa ku magoti.

Ninafuma na kibao ya Papa. Ni kamuti kapana, karefu sawa kiganja, pembeni aliandika K na kisu. K ya Kabamba, jina yake. Unazungusha uzi ku kibao, unafunga, unachomoa: jicho moja ya wavu, kubwa sawa upana ya kibao. Unarudilia mara elfu na elfu, macho yote yanatoka sawa. Ile mwaka alirudia Kilwa, ng’ambo ya ziwa, alinitilia ile kibao mu mukono. Asema usipime na macho yako, pima na kibao. Basi. Akapanda bwato. Ile K sasa imebakia na miguu mifupi, imezeeka sawa Papa mwenyewe.

Mudogo yangu Rosaria aliacha mashini yake ya kushona, ananiangalia. Asema: Yaya, juu ya nini unafanya kila kitu sawa Papa? Hata kukohoa unakohoa sawa yeye! Nikacheka. Lakini swali imebakia mu nyumba. Vraiment, kweli, juu ya nini?

Siku ya tatu, tarehe 12

Nimepata siku yenyewe. Nilikuwa na miaka tisa, tuko Pweto. Papa amemaliza wavu ya mutu, njo anaona kipande moja macho yametoka madogo. Mwenye wavu asema haina neno, nipe tu. Wapi! Papa akakaa chini pa mulango ya ule mutu, na musumari, akafumua fundo moja moja, siku mbili muzima. Batu banapita, banasimama, banauliza. Anabajibu bila haya: nimekosea. Miye nilikaa pembeni, ninazungusha uzi ku kijiti. Sijaonaka mutu mukubwa vile tena.

Tangu pale, batu basema “wavu ya Kabamba”, huku na ng’ambo. Patson anasemaka hata batu ba fisheries, benye kupima nyavu ya kila mutu kwa sheria, hawaipimake. Wakisikia ni ya Kabamba banaachilia.

Na ni ile siku ilinikatalisha Didier. Miaka tano imepita. Alikuwa amekwisha kuleta barua ya kuoa! Kisha nikamukuta ku Mununga anavuta samaki wadogo na moustiquaire, ile chandarua ya mbu yenye sheria inakataza. Nikarudisha barua. Nilimwambia: mutoto wa Kabamba hawezi kulala na mutu wa moustiquaire. Nilisema kwa sauti kubwa, batu bakasikia. Nilijisikia mukubwa sana.

(Nilimupenda. Tunaandika kila kitu ao hapana?)

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 17

Kitu ya ajabu. Patson ameleta wavu ya zamani ya kushona matundu. Papa mwenyewe alifuma ile, mwaka tulikimbilia huku, 2017. Eh, nilifurahi kuigusa! Nikafuma kiraka ya tundu ya kwanza na kibao. Inajikunja. Nikafumua, nikafuma tena polepole. Inajikunja. Nikahesabu macho, hesabu iko sawa. Mukono yangu iko sawa. Kibao ni ile ile.

Basi ni nini?

Siku ya pili, tarehe 18

Sikulala muzuri. Nimeomba Rosaria mètre yake ya kushonea. Hatujapimaka wavu na mètre mu hii familia, hata siku moja! Ilikuwa sawa kumupekua Papa mufuko.

Jicho ya wavu ya zamani, ukiivuta: inafikisha kipimo ya sheria, na kidogo juu. Jicho yangu: haifikishe. Milimetre sita chini.

Nikapima mara ine. Rosaria akapima. Asema labda mètre imevutika. Tukacheka, kisha hatukucheka.

Jioni nikaangalia K. Miguu haikuzeeka. Miguu imekatika! Mbao yenye ilikuwa chini yake haiko. Nani alikata kibao? Papa? Mutu wa haki, njo anapunguza kibao kwa siri? Nimekaa nayo mu mukono mpaka ugali ikapoa.

Siku ya tatu, tarehe 19

Nimejua. Ee Mungu wangu.

Nailoni inakula muti. Inachimba tufereji ku kingo, na uzi inaanza kukwama. Donc basi, kila mwaka, ziwa ikifungwa, siku ya kwanza, tunakamata kisu, tunakwangua kingo mpaka inyooke. Papa alifanyaka vile, tunakaa bote kuangalia, ilikuwa karibu sawa sala. Baba yake naye alifanyaka. Na miye! Miye mwenyewe nilikwangua mwezi wa kumi na mbili, ninaimba!

Kila mwaka unyoya moja tu wa mbao, na jicho inapunguka nayo. Hakuna mutu aliiba. Hakuna mutu alipima. Batu ba fisheries banaamini Kabamba, Kabamba anaamini kibao, miye ninaamini Papa. Na samaki mudogo anakamatiwa mu ile imani yetu.

Nilirudisha barua ya Didier juu ya nini, sasa? Yeye alijua ni moustiquaire.

Siku ya Mungu, tarehe 23

Kisha misa nilipigia Papa simu. Nilitaka kuanza polepole, nikashindwa, nikamwaga yote: mètre, milimetre sita, miguu ya K.

Akauliza: umeambia nani? Nikasema Rosaria tu. Asema: usiambie mutu. Tengeneza kibao ingine, hii itupe mu moto, zile za Patson ziache ziende. Asema: ile jina njo kitu moja yenye nilibakia nayo nilipovuka maji.

Nikauliza: Papa, ulijua? Akakata simu.

Nina hasira! Na tena namuhurumia, mutu wa miaka makumi sita na munane. Lakini kuko Papa wawili sasa, ule wa musumari na huyu wa simu. Ni yupi alinilea?

Siku ya kwanza, tarehe 24

Nimeenda Kabuta. Nimeambia Patson yote, nimesimama, juu nilijua nikikaa nitalia. Nikasema ya tatu nimeiacha, na hizi mbili nitazifumua zote na kuzifuma upya, siombi kitu.

Hakukasirika — ningependa akasirike! Aliniangalia na huruma. Asema kwa heshima: ba Delphine, mukwai, ziwa inafunguliwa siku ya posho, tarehe moja. Ile juma ya kwanza njo juma yenyewe ya samaki. Nikose juu ya milimetre? Nani atapima wavu ya Kabamba?

Nikasema: miye nimekwisha kupima.

Akazunguka nyumba yake mara mbili. Aliporudi, asema: wavu moja nitabakia nayo, ingine fumua. Nikasema hapana, zote. Asema basi kaa pale pa mulango, batu basikie kwako, basiseme ni Patson alikatalia wavu ya Kabamba. Eh, Patson! Hakujua ananipa nini.

Siku ya tatu, tarehe 26

Siku yangu ya pili pa mulango ya Patson. Nimekuja na kaye hii ya kuandikia, ninaandika vidole vikikataa. Musumari imenichoma gumba.

Batu banauliza sana. Nabajibu: tumekosea. Jana nilikuwa ninasema “nimekosea”, lakini ni uongo mudogo, nikaubadilisha. Mama mumoja akasema mutoto huyu anavua baba yake nguo. Nikafumua fundo ingine.

Saa ine Didier akapita na kinga, baiskeli yake, gunia ya mihogo nyuma. Akasimama. Nikamwambia: usicheke. Asema sicheki. Akategemesha kinga ku ukuta, akakaa chini, akakamata uzi yenye ilikuwa imelegea, akaanza kuizungusha ku kijiti. Kazi yangu ya wakati nilikuwa na miaka tisa! Nikamwambia nilikusema vibaya mbele ya batu. Asema: ulisema kweli, ila ulisema sana. Anazungusha vibaya, uzi inajifunga, sikumwambia.

Siku ya ine, tarehe 27

Wavu ya kwanza imekwisha kufumuliwa. Ya pili, nusu.

Papa eko hapa.

Alivuka asubui na bachuuzi ba samaki, hakupiga simu. Rosaria alimuleta. Amevaa koti ya misa. Batu bakafungua njia, hata batoto. Nikasimama, nikapiga goti kumusalimia, musumari mu mukono. Akaangalia Didier. Akaangalia rundo ya uzi. Akaomba kibao, nikamupa, akapitisha gumba ku K, huku na huku, sawa mutu kipofu.

Patson alimuletea kiti. Hakukaa juu yake. Amekaa chini, ng’ambo ya wavu, mbele yangu, na magoti yake mabaya. Tangu saa tatu mpaka sasa saa ine na nusu. Ninafumua, ninaandika, ninafumua. Sitaacha kufumua. Nimemwambia: Papa, sitaacha.

Mama ule wa jana amerudia, amemuuliza mbele ya bote: Tata Kabamba, ni kweli yenye mutoto anasema?

Papa amevuta pindo ya wavu mpaka ku mapaja yake. Anaomba kisu.

Kisu! Ya kuchonga kibao mupya, ao ya kukata wavu mu mikono yangu? Batu bote bananiangalia. Didier ameacha kuzungusha.

Nimemupa.