Nusu ya Joséphine

Yaya Kapinga, mukubwa wangu,

Moyo wako, nakusalimia huko Kipushi. Huku Hewa Bora tuko tu. Mvua ilianza, sombe yangu, majani ya muhogo, inamea muzuri, na goti linauma kama kawaida.

Unanisifu juu bamama ba kanisa balinichagua, na miaka yangu sabini, nifundishe bamama bapya benye kutembelea bagonjwa namna ya kutuliza roho mbele yabo. Tafazali, usinisifu.

Iko Baba Symphorien, muzee mwenye tunapelekeaka chakula ku lopitalo. Bibi yake Joséphine alikufa. Batoto bake balituomba tumufiche ile habari mpaka apone, tukakubali. Basi kila siku alikuwa anagawanya bukari yake ya unga, anasema: «Hii nusu iko ya Joséphine, atafika na njaa.» Juma mbili, yaya! Siku ya tano ya ile juma ya pili nilikuwa nimechoka, na yeye akaniomba sahani ya kufunika ile nusu. Nikapandisha sauti: «Joséphine tulisha kumuzika! Kula!»

Muzee akaniangalia. Hakulia. Aliuliza kama bantu balikuwa bengi ku kilio. Nikajibu, bengi. Akanishika mukono: «Pole, mama. Kumbe hii neno ulikuwa unaibeba siku zote hizi, na unanichekea muzuri tu.»

Miye njo mwenye nilienda kumufariji, yaya.

Kisha akanisukumia ile nusu. «Kula, uko na njaa.»

Huko usisalimie muntu kwa jina langu, nasikia haya. Nilikula, yaya. Nilimaliza yote.

Mudogo wako,
Ntumba