Leo nimemdanganya Mama kwa neno la Kiingereza

Stanleyville, Alhamisi jioni, 1956. Mvua tangu alfajiri, na haijakatika. Sina nguvu hata ya kushika kalamu, lakini nisipoandika nitapasuka.

Mimi ni mkalimani wa munganga, daktari Mwingereza, katika hospitali ya misioni. Yeye anasema Kiingereza chake, mimi ninawaambia wagonjwa kwa Kingwana, Kiswahili chetu cha huku. Leo mgonjwa alikuwa mama yangu mzazi.

Munganga alimsikiliza kifua muda mrefu, akanigeukia: "Her heart is hardly working." Akaniambia nimweleze Mama mwenyewe, ajiandae.

Hilo "hardly" ninalifundisha katika darasa la jioni mpaka koo linakauka. Wanafunzi wanajua "hard" ni kwa nguvu, basi wanadhani na "hardly" ni vilevile. Hapana. Anayefanya kazi "hard" anarudi nyumbani amechoka. Anayefanya "hardly" ameshinda kivulini, kazi karibu hakuna. Wanacheka, halafu kesho wanakosea tena.

Moyo wa Mama karibu haufanyi kazi. Nilielewa vizuri kabisa.

"Munganga anasema nini?" Mama aliniuliza.

"Anasema moyo yako inatumika kwa nguvu, Mama."

Nilichukua kosa la wanafunzi wangu nikampa mama yangu, makusudi. Munganga akaitikia kwa kichwa, akidhani nimemaliza kazi yake.

Lakini ningefanyaje? Katika ukoo wetu mtoto hamtamkii mzazi mwisho wake. Ni kama kumfukuza nyumbani kwake. Habari hiyo inaletwa na noko, kaka wa mama: anakaa kitandani, anamshika mkono, anasema. Mama akishasikia kwake ndipo anaweza kutuaga na kutubariki. Bila hayo anaondoka kama mtu asiye na watu.

Na noko wangu, tonton Bolamba, yuko njia ya Banalia. Nilimwita juzi, akapata lori la mchele. Bon, mvua ikinyesha Serikali inafunga barrière, kizuizi cha barabarani, malori yote yanasimama mpaka udongo ukauke. Mtu mmoja aliyepita na baiskeli leo mchana ameniambia amemwacha huko, amekaa juu ya magunia. Ninaichukia mvua hii. Ninawachukia waliotunga hiyo barrière.

Mama alinitazama sana baada ya jibu langu. Nikajifanya ninanyoosha shuka.

Kisha akauliza polepole, "Noko yako atafika siku gani?"

Sikuwa nimemwambia kwamba nimemwita.

Nilimjibu, "Karibu atafika." Akafumba macho, akaniachia uongo wangu.

Baiskeli hazizuiliwi pale kwenye barrière. Kukipambazuka nitaazima moja, nikamlete tonton nyuma yangu, matope yawe yalivyo. Dada yangu atakaa na Mama.

Ee Mungu, na nikirudi naye, nitamkuta Mama hai?