Ng'ombe ya Mama Hélène ilichomwa maji

Pétronille, weye! Mama Hélène wetu wa korali ameanguka chini mbele ya watu wote.

Si unajua ile chanjo mupya ya kifua kikuu, ile ya ADN (DNA), wanajaribu ku ng'ombe? Ng'ombe yake walichoma mwaka jana. Akasema sasa maziwa iko safi, akaacha kuchemsha. Mujukuu wake Chance alikuwa anakunywa hivyo hivyo.

Leo munganga wa nyama, ule wa kutunza ng'ombe, akafungua kitabu ya chanjo. «Mama, ng'ombe yako iko na kifua kikuu. Ilikuwa mu kundi ya kulinganisha na zenye zilipata chanjo, yako tulichoma maji tu. Lakini tuliwaambia wote muchemshe.»

Maji tu! Hélène akauliza tena: «Maji?» Ndio akaanguka.

Na Chance anakohoa tangu Pasaka. Damu, Yesu wangu.

Sasa Hélène iko mu jikoni, anachemsha maziwa yenye hakuna mutu atakunywa.