Tasbihi Kwenye Duka la Pembejeo

Jumatatu, 5 Mei
Viwavi wamerudi kwenye mahindi. Nikatoka Kwamndolwa hadi Manundu, dukani kwa Masanja, kutafuta dawa. Kati ya mipini ya majembe na pampu za kupulizia, kwenye msumari, tasbihi ya Baba. Ni yenyewe. Pengo la punje iliyopotea nililiziba mwenyewe kwa kifungo cheusi cha shati. Chini yake kikaratasi: JOGOO MMOJA.
Loo! Baba yangu anauzwa pamoja na sumu ya panya. Nimeondoka bila dawa.

Jumanne, 6 Mei
Masanja aliichukua msibani kwa Baba. Sisi Wazigua, yeye Mnyamwezi, mtani wetu. Mtani ana ruhusa ya kunyakua kitu cha marehemu, akawachekesha wafiwa. Wafiwa hukikomboa kwa jogoo kabla ya arobaini. Kaka Ramadhani akasema, "Mwacheni, ataileta mwenyewe." Arobaini ikapita. Miezi saba sasa.
Kumbe anaiuza! Mshenzi mkubwa. Simsamehe.

Ijumaa, 16 Mei
Nimewaambia wateja wote wa genge langu kwamba dawa za Masanja zimechakachuliwa. Uongo. Sijali. Duka lake bado limejaa watu.

Alhamisi, 29 Mei
Mama yake Masanja amefariki, kule Hale. Mungu amlaze pema. Halafu nikacheka, peke yangu, jikoni. Malipo ni hapa hapa duniani.

Jumamosi, 31 Mei
Nimeenda kuzika. Nikajitupa mkekani, nikamlilia bibi kwa nini hakuniachia shamba. Watu wakavunjika mbavu. Kisha nikaingia chumbani, nikaitungua rozari yake ukutani. Ruhusa ya mtani. Masanja aliniona. Hakucheka.

Jumapili, 1 Juni
Rozari inaning'inia gengeni, juu ya nyanya na vitunguu. JOGOO MMOJA. Waliotoka kanisani wanaguna. Waache wagune. Namtaka yeye. Imchome ilivyonichoma.

Jumatatu, 2 Juni
Amekuja asubuhi. Macho mekundu, jogoo kwapani. Matusi yangu yalikuwa tayari.
"Mtani, nimekuja kumkomboa Mama."
Basi. Akaipokea rozari, akaibusu. Alipogeuka ndipo akasema, "Ya mzee wenu niliitundika pale muione. Wengine wakitaka kuinunua nawakatalia. Nimewangoja mpaka nimechoka."
Yeye siku mbili tu, kaburi bado bichi. Sisi miezi saba. Matusi nimeyameza yote.

Jumanne, 3 Juni
Nimempeleka jogoo yuleyule. Masanja akamfunga mguu kwenye gunia la mbolea, akaitungua tasbihi. Nimenunua na dawa ya viwavi.
Hasira bado ninayo, ila si kwa Masanja tena, ni kwetu wenyewe. Nimeswali alasiri, nikaanza kuhesabu. Kidole kikafika kwenye kifungo, nikakomea hapo.